Kuusoma Mti wa Vishada: Dendrogramu na Maamuzi ya Lugha nchini Uganda

Tangu mwaka 2007, mtaala wa madarasa matatu ya mwanzo nchini Uganda unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake pale inapowezekana. Swali linalofuata ni gumu: lugha zipi zinaweza kutumia kitabu kimoja? Kinyankore, Kikiga, Kinyoro na Kitooro hufundishwa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kwa jina moja la Runyakitara. Katika elimu ya msingi huandikwa kwa jozi mbili, Kinyankore-Kikiga na Kinyoro-Kitooro. Makala haya yanaeleza namna dendrogramu, yaani mchoro wa mti wa vishada, inavyochorwa na kusomwa katika programu ya R ili kulijibu swali la aina hiyo.

Kazi huanza na jedwali la umbali baina ya lugha, kwa mfano asilimia ya maneno ya msingi yasiyo na asili moja. Amri ya hclust huunganisha kwanza jozi iliyo karibu zaidi, kisha huendelea hadi lugha zote ziwe kishada kimoja. Amri ya plot huchora matokeo. Umbali husomwa kwenye kimo cha kiungo. Mpangilio wa majina kutoka kushoto kwenda kulia hauonyeshi umbali, kwani matawi yanaweza kugeuzwa na mti ukabaki uleule.

Kanuni ya kuunganisha nayo huathiri mchoro. Tuseme umbali wa lugha A na B ni 10, A na C ni 30, B na C ni 40. A na B huungana kwenye 10. Kwa kanuni ya jirani wa karibu, C hujiunga nazo kwenye 30. Kwa wastani, kwenye 35. Kwa jirani wa mbali, ambayo R huitumia isipoelekezwa vingine, kwenye 40. Mti ukikatwa kwenye 33 kwa amri ya cutree, kanuni ya kwanza hutoa kishada kimoja, na mbili zilizobaki hutoa viwili, ilhali takwimu ni zilezile.

Programu haiamui mahali pa kukata. Kwa hiyo, mshauri wa sera anayeletewa dendrogramu hana budi kudai jedwali la umbali, kanuni iliyotumika na sababu ya kimo cha mkato, kisha avipime pamoja na kiwango cha wazungumzaji kuelewana na ridhaa ya jamii husika. Bila hayo, mtoto anaweza kupewa kitabu cha lugha ya jirani kikiitwa chake.