Wanaosali kwa Miguu

Wengi wetu tumezoea kuingia ndani tunapokwenda kusali. Mwislamu huingia msikitini, Mkristo huingia kanisani. Wafuasi wa Budha nao wana mahekalu ya kuingia. Lakini wana jengo jingine ambalo hulizunguka kwa nje tu. Jengo hilo huitwa stupa.

Kwa nini kwa nje? Kwa sababu stupa asili yake ni kaburi. Budha alikuwa mwalimu wa dini huko India, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alipokufa mwili wake ulichomwa moto, kama ilivyo desturi ya huko. Inasimuliwa kwamba mabaki yake yaligawanywa mafungu manane, na kila fungu likafukiwa chini ya kilima cha udongo. Basi watu wakawa wanakwenda pale kumkumbuka.

Hebu tuitazame stupa moja, ya Boudhanath, katika mji wa Kathmandu. Mji huo uko Nepal, nchi ya milima iliyo kaskazini ya India. Stupa hii ina kimo cha mita 36 hivi. Chini kuna vibaraza vipana, juu yake kuba nyeupe iliyopakwa chokaa, na juu kabisa mnara wa dhahabu. Pande zote nne yamechorwa macho makubwa. Ukisimama popote, yanakutazama!

Wenyeji husimulia kwamba mama mmoja maskini, mfuga kuku, alimwomba mfalme kiwanja cha kujenga stupa. Akaambiwa achukue eneo linaloenea ngozi moja ya nyati. Mama hakubishana. Aliikata ngozi ile kanda nyembamba nyembamba, akaziunganisha, akazungushia eneo kubwa. Wakubwa wakanung'unika, wakataka anyang'anywe. Mfalme akakataa. Neno lake lilikwisha toka. Mama alikufa kazi haijaisha, wanawe wanne wakaimaliza. Hadithi ni hadithi, lakini sisi tumeipenda, maana wanaotoa kiwanja leo na kukidai kesho wako kila mahali.

Sasa, watu husalije pale? Alfajiri na jioni huja wengi, wazee kwa vijana. Miongoni mwao wamo Watibeti, ambao wengi wao walikimbia nchi yao kuanzia mwaka 1959. Huzunguka mkono wa kulia ukiwa upande wa stupa. (Waliohiji Makka watakumbuka kuwa kwenye Kaaba ni mkono wa kushoto.) Wengine hushika tasbihi ya punje 108. Ukutani kuna vipipa vya shaba vyenye maandishi ya sala. Mtu hupita akivizungusha kwa mkono. Kwa imani yao, kukizungusha ni sawa na kuisoma sala ile, hata kama mwenyewe hajui kusoma. Wengine huwasha taa za siagi kuwakumbuka marehemu wao.

Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko kubwa liliipiga Nepal. Karibu watu 9,000 walikufa, na mnara wa stupa ukapasuka. Mafundi walilazimika kuibomoa sehemu yote ya juu mpaka kwenye kuba, kisha wakaijenga upya. Fedha nyingi zilitoka kwa waumini wenyewe, na wengine walijitolea nguvu zao. Dhahabu peke yake ilipita kilo 30. Mafundi wakiwa juu, watu walizidi kuzunguka chini. Tarehe 22 Novemba 2016 stupa ilifunguliwa tena rasmi.