Kabla ya Kuipandishia Ghorofa Nyumba ya Baba

Baba alijenga nyumba ya vyumba vitatu Tegeta, Dar es Salaam. Watoto wamekua, mmoja yuko Columbus, mwingine Reading, na kiwanja ni kile kile. Kila mkirudi likizo mnalala sebuleni. Ndipo linapozuka wazo kwenye kundi la WhatsApp la familia: tuezue bati, tupandishe ghorofa.

Wazo lenyewe halina ubaya, na watu wa mwambao wamelifanya tangu zamani. Lamu, nyumba ya mawe iliweza kuongezewa orofa binti alipoolewa. Ila kuta zile zilikuwa nene kiasi cha nusu mita, za mawe na chokaa, na vyumba vilikuwa vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali. Nyumba ya Tegeta ina tofali la inchi 6, mkanda wa zege juu ya madirisha, kenchi za mbao na bati. Ilijengwa ibebe bati.

Zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa mita moja ya ujazo. Slabu yenye unene wa sentimita 15 ina kilo 360 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo nyumba ya mita za mraba 100 inabebeshwa tani 36 kabla hujahesabu kuta za juu, ngazi, tangi la maji na wageni wa harusi. Mzigo huo wote unashukia msingi, na msingi ndio sehemu pekee ya nyumba ambayo hutumiwi picha yake. Kaka atakuapia kwamba baba alichimba sana. Alichimba kiasi gani, hakuna anayekumbuka.

Mhandisi huanza hapo. Huchimba mashimo mawili matatu kando ya msingi aone kina, upana na aina ya udongo. Udongo wa mfinyanzi huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Zege la zamani hulipima kwa nyundo maalumu, au hukata vipande vikapondwe maabara. Na zile nondo ambazo baba aliziacha zimechomoza kwa ajili ya “baadaye”, msizitegemee kabla hazijakaguliwa. Hewa ya chumvi inakula chuma, na nondo iliyokonda imekwisha kazi.

Mara nyingi jibu la mhandisi huwa “hapana”, au “ndiyo” yenye masharti: zisimamishwe nguzo mpya zenye vitako vyake, ghorofa isimame kwa miguu yake yenyewe na kuta za zamani zisibebe kitu. Hapo gharama inakaribia ya kujenga upya, na wazee itabidi wahamie pengine kwa miezi. Ngazi nazo hula nafasi. Kupanda mita 3 kunataka vidato 18 hivi, na chumba cha bibi ndicho hutolewa kafara.

Kibali cha nyumba ya chini hakifuniki ghorofa. Halmashauri itataka michoro mipya iliyosainiwa na msanifu na mhandisi waliosajiliwa na bodi zao. Wapo wanaouona huo ni usumbufu. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 jingine likaanguka Kariakoo. Yalikuwa majengo makubwa kuliko yenu, lakini sababu ya kutaka saini ya mhandisi ni ile ile.

Kazi ikianza, mtu wa ughaibuni ana macho machache, basi ayatumie vizuri. Omba picha za nondo zikiwa zimesukwa, futikamba ikionekana juu yake, kabla zege halijamwagwa. Agiza vibweta vya sampuli vya sentimita 15 vijazwe zege hilo, na vipande vyake vikapondwe maabara siku ya 7 na ya 28. Slabu imwagiliwe maji wiki nzima walau, na mirunda isitolewe mpaka mhandisi aseme, hata kama fundi anaihitaji haraka kwenye kazi yake nyingine. Na ataihitaji.

Pesa ya kwanza, basi, itumeni kwa mhandisi, kabla ya tofali hata moja. Akisema msingi haubebi, jengeni vyumba viwili uani na bati la baba mliache lilipo.