Jamaa ya Bwana Link: Kutoka Kinanda Hadi Angani na Chini ya Bahari

Mhunzi hutumia mivukuto kuchochea moto, na fundi wa kinanda huitumia kutia sauti. Nani angalidhani ya kwamba mivukuto hiyo hiyo yaweza kumfundisha mtu kurusha ndege? Aliyedhani hivyo ni Bwana Edwin Link, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1904. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, na humo ndimo kijana alimojifunza kazi ya mikono.

Mwaka 1920 alipata fundisho lake la kwanza la urubani. Alilipa fedha nyingi, lakini mwalimu hakumruhusu hata kugusa usukani. Kijana akajiuliza: mbona mwanafunzi asianze kujifunza ardhini, mahali ambapo kosa halitamgharimu roho yake?

Basi, katika kiwanda cha baba yake, akaunda kijidege cha mbao chenye mabawa mafupi, akakiweka juu ya mivukuto ya kinanda iliyoendeshwa kwa pampu ya umeme. Mwanafunzi aliposukuma usukani, mivukuto ilijaa au ilinywea, na kijidege kikainama, kikainuka na kugeuka kama ndege iliyo angani. Kilikuwa na kifuniko pia, ili mwanafunzi asione kitu ila vipimo vilivyo mbele yake, ajizoeze kuruka katika mawingu na ukungu.

MCHEZO WAGEUKA KAZI

Mwanzoni wengi walikiona kuwa mchezo tu, na baadhi ya vijidege hivyo viliuzwa katika viwanja vya starehe. Mwaka 1931 Bwana Link alimwoa Bibi Marion Clayton, mwandishi wa magazeti, ambaye alikuwa mshiriki wake katika kazi zote.

Mwaka 1934 marubani wa jeshi la Marekani walipewa kazi ya kuchukua barua. Hawakuzoea kuruka usiku wala katika hali mbaya ya hewa, na zaidi ya 10 wakafa katika miezi michache. Wakuu wa jeshi wakamwita Bwana Link waonane naye huko Newark. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, wakadhani hatafika. Mara wakamwona akitua salama. Jeshi likanunua vijidege 6, kila kimoja kwa dola 3,500. Katika Vita Kuu ya Pili viliundwa kiasi cha 10,000, na watu zaidi ya 500,000 walijifunza kwavyo.

NYUMBA CHINI YA MAJI

Baada ya kuuza kampuni yake katika miaka ya 1950, Bwana Link aligeukia bahari. Mwaka 1959 yeye na Bibi Marion waliuchunguza mji wa Port Royal, Jamaika, uliozama kwa tetemeko la nchi mwaka 1692. Walipata saa ya mfukoni, na ilipopigwa picha ya eksirei, alama za mishale yake zilionyesha kiasi cha saa 6 kasoro dakika 17.

Tena akajiuliza: mzamiaji akaeje salama vilindini? Mwili wake hujaa hewa iliyogandamizwa, na akipanda upesi, hewa hiyo hufanya mapovu katika damu yaliyo na hatari ya kufisha. Lakini mwili ukisha kujaa, muda wa kumpandisha hauzidi, akae siku moja au saba. Kwa hiyo afadhali apewe nyumba huko huko chini. Mwaka 1964 wazamiaji wawili, Robert Sténuit na Jon Lindbergh, walikaa saa 49 katika nyumba ya mpira ya Bwana Link, futi 432 chini ya bahari ya Bahamas.

MSIBA

Kisha akabuni nyambizi ndogo iliyoitwa Johnson Sea Link. Tarehe 17 Juni 1973, karibu na Key West, ilinaswa katika mabaki ya manowari iliyozamishwa, futi 360 chini. Ndani walikuwamo watu wanne. Chumba cha nyuma kilikuwa cha alumini, nacho kikapoa sana. Dawa ya kufyonza hewa chafu ikashindwa kufanya kazi kwa baridi. Nyambizi ilipoinuliwa baada ya zaidi ya siku moja, wawili wa mbele walikuwa hai. Wawili wa nyuma, Albert Stover na Clayton Link, walikuwa wamekufa. Clayton, mwenye umri wa miaka 31, alikuwa mwana wa Bwana Link.

Yule aliyewaokoa vijana wengi wa watu amempoteza wake katika chombo alichokibuni mwenyewe. Angeweza kuiacha bahari, wala hapana ambaye angemlaumu. Lakini alirudi katika karakana yake, akaunda chombo kisichochukua mtu, chenye kamera na mikono ya kukatia kamba na vyuma, kwa kuokoa nyambizi zilizonaswa. Alikufa mwaka 1981.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Bwana Link alitumia maisha yake akiwatafutia watu mahali pa kukosea bila kufa. Na pale aliposhindwa, alihakikisha ya kwamba mwana wa mwingine atakuwa na njia ya kutoka.