Hedifoni Wazi au Zilizozibwa?

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni kuna kiwambo chembamba kinachotetemeka. Kikitetemeka, husukuma hewa mbele kuelekea sikioni na nyuma kuelekea mgongo wa kikombe. Hedifoni zilizozibwa zina mgongo mgumu wa plastiki, mbao au chuma unaoizuia sauti hiyo ya nyuma. Hedifoni wazi zina wavu au matundu, na sauti ya nyuma hujitokea nje. Anayetaka ushahidi afunike wavu huo kwa kiganja muziki ukiwa unapigwa: papo hapo mwimbaji atasikika kama aliyetumbukizwa kwenye pipa.

Aina ya wazi ilipata umaarufu kuanzia mwaka 1968, kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilipotoa HD 414, nyepesi na yenye sponji za manjano. Sifa yake kubwa ndiyo ileile inayopendwa leo. Kwa kuwa sauti haigongi ukuta na kurudi, muziki husikika kana kwamba uko nje ya kichwa, kila chombo mahali pake. Taarab asilia ya Zanzibar, yenye fidla, kanuni, udi na akodioni pamoja, hunufaika sana hapo. Ndivyo ilivyo pia kwa rumba ya Kongo: magitaa yanayojibizana katika nyimbo za Franco na TPOK Jazz hutenganika vizuri, moja halimezi jingine.

Mpenzi wa singeli, amapiano au Bongo Fleva ya kuchezeka huwa na hoja tofauti. Anataka besi. Mawimbi ya besi ya mbele na ya nyuma yakikutana hupunguzana nguvu, kwa hiyo hedifoni wazi nyingi hulegea kwenye sauti za chini kabisa. Kikombe kilichozibwa huyatenganisha, mradi mito yake ikae barabara kuzunguka sikio. Mikono ya miwani, misuko minene au kitambaa kizito cha hijabu huacha upenyo, na besi hupungua mara moja. Wengi huilaumu hedifoni bure.

Hata hivyo, mahali pa kusikilizia pana uzito kuliko ladha. Ndani ya daladala, hedifoni wazi ni hasara: honi na kelele za kondakta huingia, na wimbo humfikia abiria wa kiti cha jirani. Msikilizaji huishia kuongeza sauti, na hapo ndipo masikio yanapoumia. Shirika la Afya Duniani linashauri kusikiliza kwa desibeli 80 kusizidi saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, muda huo hushuka hadi saa nne. Studioni, mwimbaji huvaa zilizozibwa ili mdundo usivuje ukaingia kwenye maikrofoni yake, lakini fundi anayechanganya sauti baadaye mara nyingi huchagua za wazi, kwa kuwa hazichoshi upesi. Joto nalo lisisahaulike: Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, mito ya ngozi bandia hulowa jasho, ilhali wavu hupitisha hewa.

Kabla ya kulipa, inafaa kuangalia pia ukinzani wa umeme. HD 600 ya Sennheiser ya mwaka 1997, moja ya hedifoni wazi zinazosifiwa zaidi, ina ukinzani mkubwa wa omu 300. Ikichomekwa kwenye simu ya kawaida huweza kutoa sauti hafifu, na mnunuzi hulazimika kuongeza gharama ya kikuza sauti.

Mwenye fedha ya hedifoni moja tu, anayesikiliza njiani, ofisini na nyumbani kwenye watu, achukue iliyozibwa. Ya wazi ni ya mwenye chumba tulivu na muda wa kukaa chini kusikiliza; huyo akishaipata, kukosa besi ya kutikisa kichwa hakutamsumbua sana.