Annie Pootoogook

Annie Pootoogook (11 Mei 1969 – 19 Septemba 2016) alikuwa mchoraji Mwinuit kutoka nchini Kanada. Anajulikana kwa michoro ya kalamu ya wino na penseli za rangi inayoonyesha maisha ya kila siku ya Wainuit wa wakati wake, yakiwemo matatizo ya ulevi na ukatili wa nyumbani. Mwaka 2006 alikuwa Mwinuit wa kwanza kupata Tuzo ya Sobey, mojawapo ya tuzo kubwa za sanaa nchini humo.

Maisha ya awali

Pootoogook alizaliwa Cape Dorset, kijiji kilichopo kwenye kisiwa kidogo karibu na pwani ya Kisiwa cha Baffin, katika kaskazini ya Kanada. Wenyeji hukiita Kinngait, na tangu mwaka 2020 hilo ndilo jina lake rasmi. Tangu mwaka 1999 kijiji hicho ni sehemu ya eneo la Nunavut.

Alikulia katika familia ya wasanii. Bibi yake mzaa mama, Pitseolak Ashoona (aliyefariki 1983), alichora maisha ya zamani ya kuhamahama na kuwinda. Mama yake, Napachie Pootoogook (aliyefariki 2002), alichora pia mateso waliyopata baadhi ya wanawake. Baba yake, Eegyvudluk Pootoogook, alikuwa mchongaji na mchapaji wa picha.

Ushirika wa wasanii

Uchapaji wa picha ulianza Cape Dorset mwishoni mwa miaka ya 1950. Wasanii wa kijiji hicho huuza michoro yao kwa ushirika unaomilikiwa na wanakijiji. Ushirika huchagua baadhi ya michoro ili ichapwe, kisha huuza picha katika miji ya kusini na nchi za nje. Kwa njia hiyo sanaa ikawa chanzo muhimu cha kipato mahali ambapo ajira ni chache.

Wanunuzi wa kusini walipenda hasa picha za dubu, ndege, wawindaji na nyumba za theluji. Kwa hiyo watu wengi walidhani kwamba hiyo pekee ndiyo sanaa halisi ya Wainuit.

Kazi

Pootoogook alianza kuchora katika karakana ya ushirika mwaka 1997. Hakufuata matarajio ya soko hilo. Alieleza kwamba hakuwahi kuishi katika nyumba ya theluji, akachagua kuchora yale aliyoyaona mwenyewe.

Michoro yake huonyesha vyumba vya nyumba za kisasa, vikiwa na saa ukutani, simu, kalenda na televisheni. Familia imekaa sakafuni ikila nyama ya sili, huku vyakula vya dukani vikiwa kandoni. Watu wengine hutazama vipindi vya televisheni kutoka Marekani, na wengine husimama dukani mbele ya majokofu. Mistari yake ni rahisi na rangi zake ni bapa, lakini kila kifaa kinaonyeshwa kwa uangalifu. Hivyo mtazamaji huona kwamba maisha ya asili na maisha ya kisasa yamo katika chumba kimoja.

Michoro mingine inatokana na machungu yake mwenyewe. Mmoja unaonyesha mwanamume akiinua kipande cha mti ili ampige mwanamke aliye kitandani. Mwingine unaonyesha mwanamke akivunja chupa za pombe kwenye jiwe nje ya nyumba.

Maonyesho

Mwaka 2006 jumba la sanaa la The Power Plant mjini Toronto lilifanya maonyesho ya kazi zake peke yake. Mwaka uliofuata alishiriki katika Documenta 12, maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya kisasa yanayofanyika Kassel, Ujerumani. Kabla ya hapo, sanaa ya Wainuit mara nyingi iliwekwa katika kundi la pekee, mbali na sanaa nyingine za kisasa.

Miaka ya mwisho na kifo

Mwaka 2007 Pootoogook alihamia Ottawa. Umaarufu haukumletea usalama: alisumbuliwa na ulevi na ukatili, mara nyingine hakuwa na makazi, na aliuza michoro barabarani kwa bei ndogo. Tarehe 19 Septemba 2016 mwili wake ulikutwa katika mto Rideau. Alikuwa na umri wa miaka 47. Polisi walichunguza kifo hicho kama chenye mashaka. Askari mmoja wa Ottawa aliadhibiwa kwa maneno ya kibaguzi aliyoyaandika kwenye intaneti kuhusu kifo hicho. Katika mwezi huohuo tume ya taifa ilikuwa imeanza kuchunguza mauaji na kupotea kwa wanawake wa jamii za asili za Kanada.

Urithi

Mwaka 2017 makumbusho ya McMichael, katika jimbo la Ontario, yalifungua maonyesho makubwa ya kumkumbuka. Mwaka 2021 bustani moja ya umma mjini Ottawa ilipewa jina lake. Binamu yake, Shuvinai Ashoona, ambaye pia huchora Kinngait, alitajwa kwa heshima maalumu katika maonyesho ya Venice Biennale mwaka 2022. Leo wasanii Wainuit huonyesha kazi zao katika majumba ya sanaa ya kisasa bila kulazimika kuchora maisha ya mababu tu, na Pootoogook ni mmoja wa waliofungua njia hiyo.