Nauli na bei ya kiti: maneno mawili ya treni moja ya Tokyo

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa abiria hulipa nini, atajibu kwa neno moja: nauli. Neno hilo tulilipokea kutoka Kiarabu, likatumika kwanza kwa vyombo vya baharini, kisha likapanda basi, pikipiki na ndege bila kubadilisha umbo. Kijapani kina maneno mawili, na watu wa reli hawapendi yachanganywe. Unchin ni malipo ya kuchukuliwa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Ryōkin ni malipo ya kitu kinachoongezwa juu ya safari hiyo: mwendo wa kasi, kitanda cha usiku, kiti chenye namba. Abiria anaweza kulipa unchin peke yake akasafiri. Akilipa ryōkin peke yake hafiki popote.

Ukivunja neno unchin katika sehemu zake, un ni kubeba, na chin ni ujira au kodi. Chin hiyo hiyo imo katika yachin, kodi ya nyumba, na katika chingin, mshahara. Kwa hiyo unchin ni ujira wa kubebwa, na kubebwa hakusemi lolote kuhusu kukaa au kusimama. Ni kwa sababu ya pengo hilo kati ya maneno mawili kwamba treni ninayoieleza hapa iliweza kubuniwa.

Inaitwa S-TRAIN. Jina huandikwa kwa herufi za Kilatini, lakini mdomo wa Mjapani hulisoma esu torein, kwa kuwa silabi zake hazivumilii konsonanti mbili zikifuatana wala s iliyoachwa bila irabu. (Sisi tumekubali tr katika treni, tukaongeza irabu mwishoni tu.) Ilianza tarehe 25 Machi 2017. Siku za kazi huenda kati ya Tokorozawa, mji wa mkoa wa Saitama ulio kaskazini-magharibi mwa Tokyo, na Toyosu, mtaa wa maofisi kando ya ghuba. Jioni inaporudi husogea mbele kidogo hadi Kotesashi. Kila abiria ana kiti chake kilichoandikwa kwenye tiketi. Ilipoanza, kiti hicho kiliuzwa yeni 510 kati ya Tokorozawa na Toyosu, juu ya nauli ya kawaida.

Mwishoni mwa juma treni hiyo hiyo hubadilisha kazi. Hutoka Seibu-Chichibu, chini ya milima, hupita chini ya ardhi ya Tokyo, hutokea upande wa pili na kufika Yokohama, kisha Motomachi-Chūkagai, karibu na bandari na mtaa wa Wachina. Katika safari hiyo imekanyaga reli za kampuni nne: Seibu, Tokyo Metro, Tokyu na ile ya Minatomirai. Abiria hashuki hata mara moja. Unchin hujumlishwa kampuni kwa kampuni, kila moja ikidai sehemu yake. Kiti, kutoka mwanzo hadi mwisho, kilikuwa yeni 1,060 ilipoanza.

Jambo hili la treni moja kupita katika reli za wenye mali tofauti lina jina refu: sōgo chokutsū unten. Sōgo ni “kwa pande zote mbili”, chokutsū ni “kupita moja kwa moja”, unten ni “uendeshaji”. Nilipotafuta neno la Kiswahili nilianza na maelezo ya mstari mzima, hadi nilipokumbuka kwamba vinyambulishi vyetu vimeshafanya kazi hiyo. Pita, pitisha, pitishia, pitishiana. Kampuni hizo hupitishiana treni. Kinyambulishi cha kutendesha kinasema kwamba mwenye reli ndiye anayeruhusu, cha kutendea kinaonyesha kwamba anafanya hivyo kwa ajili ya mwingine, na -an- ya kutendana inabeba sōgo yote.

Hiyo -an- inaonekana hata katika hesabu. Treni ya Seibu inapotembea juu ya reli za Tokyo Metro, Metro inakuwa imetumia mabehewa ya mwenzake na inadaiwa. Badala ya kutumiana fedha kila mara, kampuni hujaribu kusawazisha kilomita: treni zako zikitembea kwangu kiasi hiki, na zangu zitembee kwako karibu kiasi hicho hicho.

Utaratibu huu haukuanza na S-TRAIN. Tarehe 4 Desemba 1960 kampuni ya Keisei na reli ya chini ya ardhi ya jiji la Tokyo zilianza kupitishiana treni. Reli za Keisei wakati ule zilikuwa na upana wa milimita 1,372, na zile za chini ya ardhi zilipangwa kuwa 1,435. Keisei ililazimika kubadilisha njia zake mwaka 1959, kabla ya kuunganishwa. Njia za S-TRAIN hazikuhitaji mateso hayo, kwa sababu zote nne zina upana wa milimita 1,067, ndio ule ule wa reli za Katanga, na waya wa umeme juu wenye volti 1,500. Lakini Tokyo Metro hiyo hiyo ina njia za Ginza na Marunouchi, ambazo upana wake ni 1,435 na umeme wake hutoka kwenye reli ya tatu iliyo chini. Treni za Seibu haziwezi kuingia huko kamwe.

Mipaka ya kampuni abiria haioni, ila wafanyakazi wanaijua. Katika kituo cha Kotake-Mukaihara dereva na kondakta wa Seibu hushuka na wale wa Metro hupanda. Shibuya, Metro huwaachia watu wa Tokyu. S-TRAIN husimama Kotake-Mukaihara bila kuchukua abiria, na katika ratiba ya abiria kituo hicho hakimo. Kijapani kina neno kwa hilo pia: unten teisha, kusimama kwa ajili ya uendeshaji. Kwa dereva treni imesimama. Kwa abiria haijasimama.

Sasa tufike kwenye kiti chenyewe. Mtu angedhani treni ya viti vya kulipia ingejengwa kama treni za kifahari, zenye mlango mmoja au miwili kwa behewa. Haiwezekani. Vituo vya chini ya ardhi vina ukuta mdogo ukingoni mwa jukwaa, wenye milango inayofunguka mbele ya milango ya treni, na mpangilio wake ni wa mabehewa yenye milango minne kila upande. Kwa hiyo Seibu walitengeneza treni ya aina 40000, yenye mabehewa kumi ya milango minne kama treni yoyote ya mjini, ila viti vyake huzunguka. Mchana, ikiwa treni ya kawaida, viti vimeegemea kuta kama mabenchi marefu na katikati watu husimama. Ikigeuka S-TRAIN, viti huzungushwa kwa mashine, viwili viwili, vikaelekea mbele. Kitambaa ni kile kile na chuma ni kile kile. Aliyekikalia saa sita mchana alilipa unchin tu. Anayekikalia saa moja jioni analipa na ryōkin.

Kwa nini mtu alipe? Wajapani hupima msongamano wa treni kwa asilimia, na maelezo ya kipimo hicho yatawafurahisha wanalugha, kwa sababu kipimo chenyewe ni kusoma. Asilimia 100 ni treni iliyojaa kwa idadi iliyokusudiwa: mtu ana kiti, au kishikio, au nguzo. Asilimia 150, gazeti husomwa likiwa limefunguliwa. Asilimia 180, gazeti lililokunjwa husomwa kwa shida. Asilimia 200, miili inabanana, lakini jarida la wiki bado linasomeka kwa namna fulani. Asilimia 250, treni ikiyumba mwili unayumba nayo na mkono hausogei. Wastani wa njia kuu za Tokyo saa za asubuhi ulikuwa 221 mwaka 1975. Mwaka 2019 ulikuwa 163.

Hapa ndipo tofauti ya unchin na ryōkin inapogusa mfuko. Waajiri wengi wa Japani huwarudishia wafanyakazi gharama za kwenda kazini, kwa kawaida kwa bei ya tiketi ya mwezi. Tiketi hiyo ni unchin. Kiti cha S-TRAIN, ambacho huongezwa juu yake, mara nyingi hutoka katika mshahara wa mwenyewe. Kwa lugha nyingine, mwajiri hulipia mwili ufike. Mapumziko ya mwili huo ni shauri lake.

Kuna wanaoona treni hizi kuwa dhuluma kwa wanaosimama, na hoja yao si nyepesi. Asubuhi, njia ya reli imejaa treni, zikifuatana kwa dakika chache. Treni ya kawaida ya mabehewa kumi hubeba zaidi ya watu elfu moja. Ile ya viti hubeba waliokaa tu. Kila S-TRAIN inayowekwa saa hizo inachukua nafasi ya treni ambayo ingewabeba wengi zaidi. Naona ndiyo sababu treni za namna hii ni chache asubuhi na hupendelewa jioni, wakati watu wanarudi kwa saa tofauti na uchovu una bei nzuri zaidi.

Wazo lenyewe lilizaliwa kwa bahati kubwa. Mwaka 1984 shirika la reli la taifa lilikuwa na treni za kasi zilizorudi gereji jioni zikiwa tupu, zikipita katika njia ile ile ya wafanyakazi waliobanana. Likaziruhusu zichukue abiria kutoka Ueno hadi Ōmiya kwa yeni 300 juu ya nauli, chini ya jina Home Liner, Kiingereza kilichotungwa Japani. Kutoka hapo neno liner likawa kama kiambishi tamati cha treni za viti vya kurudi nyumbani: TJ Liner mwaka 2008, Keio Liner na Haijima Liner mwaka 2018. S-TRAIN ni miongoni mwa chache zilizokataa jina hilo. TH Liner, inayounganisha kampuni ya Tobu na njia ya Hibiya ya Metro, ilianza Juni 2020, mwaka ambao ugonjwa wa korona ulishusha ule wastani wa 163 hadi 107, na gazeti lililofunguliwa lingeweza kusomwa bure katika treni ya kawaida.