Juu Kukavu, Chini Kumelowa: Barua za Benki Zisizotoka Benki

Katika Sahihi Muslim, Abu Hurayra (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akautia mkono wake ndani ya lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa ni kwa nini basi asiiweke juu ile iliyolowa, watu wakaiona. Kisha Mtume akajitenga na kila mwenye kughushi.

Lundo la zama zetu huja kwa barua pepe. Juu limekauka vizuri: nembo ya benki, rangi zake, hata saini ya meneja. Wakazi wa Kilosa wameshauzoea ujumbe wa simu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengi huucheka. Barua pepe huvaa kanzu ya heshima zaidi, na hapo ndipo inapotuzidi. Husema akaunti yako itafungwa ndani ya saa 24 usipohakiki taarifa zako. Humkuta mkulima wa miwa wa Kidodi akisubiri malipo ya msimu, mwenye nyumba ya wageni Mikumi aliyezoea kupokea maombi ya vyumba kwa njia hiyo hiyo, au mzee anayedunduliza gharama za Hija. Laghai hamjui hata mmoja wao. Huitawanya barua ile ile kwa maelfu ya watu, na wachache wakiingia wavuni, yamemtosha.

Basi tuutie mkono ndani. Jina linaloonekana juu ya barua huandikwa na mtumaji mwenyewe apendavyo. Liguse, uione anwani kamili iliyojificha nyuma yake. Kiungo nacho usikifungue. Kishikilie kwa kidole mpaka anwani yake ijitokeze, kisha isome kama tusomavyo msahafu, kutoka kulia, ukianzia kwenye mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Tuseme imeandikwa benkiyetu.co.tz.hakiki-akaunti.com/ingia. Ukianzia kwenye mkwaju kuelekea kushoto, unakuta "com", kisha "hakiki-akaunti". Huyo ndiye mwenye nyumba. "Benkiyetu" ni pambo la mlangoni tu. Ile alama ya kufuli isikutulize: huonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, wala haisemi aliye upande wa pili ni nani.

Benki haikuombi neno la siri, wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako.

Wazazi wengi humkabidhi kijana simu awasomee. Ni jambo jema, ila kijana ana kidole chepesi, na anaposema "benki wameandika" mzazi huona neno limekwisha. Aya ya 6 ya Surat al-Hujurat inatuamuru kuichunguza habari iletwayo na mpotovu. Hapa hata mletaji mwenyewe hatujamtambua.

Aliyekwisha kujaza taarifa zake asingoje kesho. Aipigie benki kwa namba iliyo nyuma ya kadi yake, kamwe si ile iliyomo ndani ya barua, aombe akaunti izuiwe, kisha abadilishe neno la siri. Barua asiifute: ni ushahidi atakaoupeleka polisi, kwani udanganyifu huu ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na ikiwa laghai amekuja kwa ujumbe wa simu, namba yake hutumwa TCRA kupitia 15040.